Frasila Kumi na Moja Chini ya Kiti

Tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, lilikuwa nyumba ya kusubiri mizigo. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 akaingia Kwihara tarehe 23 Juni, miezi mitatu ya kutembea kwa miguu. Mwaka uliofuata alirejea hapo kutoka Ujiji akiwa na David Livingstone, na alipoondoka kwenda pwani mwezi Machi 1872, Livingstone alibaki ndani ya kuta zile nene za udongo hadi mwishoni mwa Agosti. Nguo za kubadilishana njiani alikuwa nazo, shanga na waya wa shaba pia, na dawa. Alichokosa ni mabega: alikuwa akingoja watu 57 waliotumwa kutoka pwani waje wamchukulie vitu vyake. Miezi mitano ya mgonjwa aliyebakiwa na mwaka mmoja na kitu wa kuishi iliishia katika kungoja huko.

Katika njia ile kila kitu kilihesabiwa kwa mzigo. Mpagazi wa Kinyamwezi, ambaye kazi hii kwake ilikuwa taaluma yenye ujira na heshima yake, alitwaa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na juu yake mkeka, chungu na posho yake mwenyewe. Mwenye msafara alilazimika kuuliza swali moja kwa kila furushi kabla halijafungwa: hili litalipa nini huko mbele? Furushi lisilonunua chakula wala kulipa hongo, yaani ushuru wa njiani, lilitia hasara mara mbili, kwa sababu lilikula posho ya aliyelibeba na likachukua nafasi ya furushi lenye faida. Leo swali hilo naona linafaa kuulizwa mahali ambapo watu wa Tabora hawajazoea kuliuliza, yaani kwenye betri. Nitatumia kigari cha gofu kama mfano, kwa kuwa hakuna chombo cha umeme kinachoonyesha jambo hili wazi zaidi yake.

Kigari cha gofu, ambacho wengi wanakiita bagi, kimekwisha kutoka viwanjani zamani. Hotelini Zanzibar kinabeba wageni na mabegi yao. Kwingineko kinazunguka ndani ya uzio wa hospitali, chuo au kiwanja cha ndege. Kimeundwa kwa vitu vichache: mota, kidhibiti cha mwendo, breki, magurudumu manne na betri. Ndiyo maana ukikijua kigari hiki unakuwa umeijua pia bajaji ya umeme, unaijua sola ya nyumbani, na unalijua duka la kijijini linalowasha friji usiku kwa umeme wa jua. Wenye vyombo hivyo wote wana uamuzi mmoja wa kufanya, nao ni kama waendelee na betri za risasi na asidi, zile tunazoziita betri za maji, au wahamie kwenye lithiamu. Jibu langu ni kwamba kwa chombo kinachofanya kazi kila siku, na hasa katika hali ya hewa na umeme wa Unyamwezi, wahamie. Lakini kuhama kuna masharti yake, na sharti kubwa kuliko yote linahusu betri zinazotolewa. Zile mpya zinafuata nyuma.

Inua kiti cha bagi ya kawaida ya volti 48. Chini yake utakuta betri sita za volti nane nane, zimefungwa kwa ukanda wa chuma, zikiunganishwa kwa nyaya nene kama kidole. Kama hazijatunzwa, vichwa vyake vina unga mweupe wa kijani, na bati lililo karibu limeanza kulika. Fungua kizibo kimoja utazame ndani: sahani za risasi zimesimama wima kama kurasa, na maji yanapaswa kuzifunika. Yakipungua, sehemu ya juu ya sahani inakauka, na iliyokauka hairudi tena kufanya kazi. Kila betri ina uzito wa kilo 28 au 29. Zote sita ni kilo 172 hivi, karibu frasila kumi na moja, na kwa hesabu ya Kwihara hao ni wapagazi watano na nusu wasioshuka kamwe kutoka kwenye gari.

Sasa tuwaulize wapagazi hao wanaleta nini. Kwa maandishi, seti hiyo inahifadhi uniti nane za umeme na kidogo. Kwa matendo, betri ya risasi inayotakiwa kudumu haifai kushushwa chini ya nusu ya chaji yake, kwa hiyo uniti zinazotumika ni nne. Nusu ya mzigo inabebwa ili nusu nyingine isife. Na hata hizo nne zina masharti, kwa sababu kiasi kinachoandikwa kwenye betri hizi hupimwa kwa kuutoa umeme polepole kwa muda wa saa 20. Ukiutoa kwa saa tano, betri iliyoandikwa ampea-saa 170 inakupa 145 hivi, na ukiukamua haraka zaidi, kama dereva anavyofanya akipita kwenye mchanga, inapungua tena. Tabia hiyo imejulikana tangu 1897, Mjerumani Wilhelm Peukert alipoiandikia kanuni. Weka mahali pake betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 yenye uwezo wa ampea-saa 100: inahifadhi uniti tano, unaweza kutumia nne na zaidi bila kuiumiza, haijali sana unaitoa haraka au polepole, na uzito wake ni kilo 48 hivi. Hizo ni frasila tatu. Kazi ni ileile, na chombo kimepungukiwa na kilo 120, ambazo ni abiria wawili. Katika barabara za mchanga za vijiji vya Tabora kila kilo iliyopungua inaonekana kwenye mota, kwenye tairi na kwenye breki.

Wapo watakaosema uzito si tatizo kwa gari, kwani gari halichoki kama mtu. Ni kweli halichoki, lakini linalipa, na malipo yanatoka kwenye betri hiyohiyo. Lakini sitaki hoja yote isimame juu ya mizani, kwa sababu ubaya mkubwa zaidi wa betri za risasi kwa upande wetu ni namna zinavyotaka kuchajiwa. Betri ya maji inapofika robo tatu ya chaji huanza kupokea umeme kwa shida. Ile robo ya mwisho inahitaji saa nyingi za chaji ndogo ya kudumu. Isipojazwa hadi mwisho, fuwele za salfeti zinaganda kwenye sahani, na zikikaa siku nyingi zinakuwa ngumu kiasi kwamba chaji haiziyeyushi tena. Mafundi wetu wanasema betri imekufa, haishiki moto. Fikiria basi anayechaji kwa sola katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili: mawingu yanakuja mchana, jua linazama betri ikiwa robo tatu, kesho yake inatumika tena kabla haijajaa. Au anayetegemea umeme wa gridi na umekatika usiku. Betri hiyo haikuchakazwa na kazi yake. Imeuawa na kutokujazwa. Lithiamu haina dai hilo. Ikiachwa nusu haiumii, na kwa hakika inapenda kukaa katikati kuliko kukaa imejaa siku zote. Na kati ya uniti mia unazoipa, inakurudishia kama 95, wakati betri ya maji inarudisha 80 au 85, na zinazobaki zinageuka joto na mapovu.

Ushahidi wa hili haupo kwenye vitabu vya wauzaji peke yake. Kwa miaka mingi zahanati za vijijini Afrika zilitunza chanjo kwenye majokofu ya sola yaliyotegemea betri za risasi. Paneli zilidumu, jokofu lilidumu, betri zikafa baada ya miaka michache, na fedha za kununua nyingine hazikuwapo. Mwishowe wataalamu wa chanjo duniani waliamua kuikwepa betri kabisa: yakatengenezwa majokofu yanayoendeshwa na paneli moja kwa moja na kuhifadhi ubaridi kwenye barafu. Watu hawachukui hatua kama hiyo dhidi ya kifaa kinachovumilia mazingira yao.

Joto nalo lina neno lake. Tabora iko juu, mita 1,200 hivi, lakini Septemba na Oktoba huvuka nyuzi 30 mchana, na chini ya kiti cha gari lililoegeshwa juani huwa zaidi. Kwa betri ya risasi watengenezaji hutumia kanuni nyepesi: kila nyuzi kumi juu ya 25 hukata umri wake nusu. Lithiamu pia haipendi joto, na yeyote anayeuza kwa kusema haidhuriki anadanganya. Tofauti ni kwamba inaanza na umri mrefu zaidi, na ina bodi ya ulinzi ndani yake inayokataa chaji joto likipita kiasi. Betri ya maji inaendelea kupokea, inachemka, maji yanapungua, na mwenye chombo anatakiwa aongeze maji yaliyotoneshwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi, na chumvi inaharibu sahani. Maji safi ya betri yanauzwa, lakini katika kijiji kilicho mbali na duka la vipuri mtu anatia alichonacho. Sioni sababu ya kumlaumu. Kifaa kinachohitaji maji ya dukani kila mwezi mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe yalikuwa shida kwa vizazi hakikuchaguliwa kwa kumfikiria yeye.

Pingamizi linalonipa kazi zaidi ni la bei, na wanaolitoa wana haki. Seti ya lithiamu yenye kazi ileile huweza kugharimu mara mbili au zaidi ya seti ya risasi siku ya kununua. Tufanye hesabu ya mfano tu, tuseme risasi ni shilingi milioni tatu na lithiamu milioni saba. Seti ya risasi iliyotunzwa vizuri inatoa mizunguko kama 600 ya uniti nne, jumla uniti 2,400. Kila uniti iliyopita ndani yake imekugharimu shilingi 1,250 za betri, kabla hujalipia umeme wenyewe. Lithiamu ya chuma na fosfeti, aina inayofaa kwa vigari, inatarajiwa kutoa mizunguko 3,000. Hiyo ni zaidi ya uniti 12,000, na kila moja imekugharimu kama shilingi 570. Mwenye mashaka aikate hadi mizunguko 2,000, bado iko kwenye 850. Bei ya siku ya kwanza inadanganya kwa namna ambayo mwenye msafara wa zamani asingeikubali: mpagazi wa ujira mdogo anayeishia Ugogo, katikati ya njia, ni ghali kuliko wa ujira mkubwa anayefika Unyanyembe, yaani Tabora.

Hata hivyo hesabu hiyohiyo inatoa jibu jingine kwa mtu mwingine, na sitalificha. Kigari kinachotumika Jumapili tu kina mizunguko 52 kwa mwaka, 520 kwa miaka kumi. Betri za risasi hapo zitakufa kwa uzee kabla ya kufa kwa kazi. Seti mbili zinatosha kwa muda huo, milioni sita, na lithiamu ya milioni saba haijajilipa. Mtu wa namna hiyo, kama ana umeme wa uhakika na ana nidhamu ya kuacha betri zimejaa na zina maji, abaki na risasi mpaka zichakae. Ninayemshauri ahame ni yule ambaye chombo kwake ni kazi: bagi ya hoteli inayozunguka tangu alfajiri, bajaji ya umeme ya abiria, mashine ya duka. Huyo anafikia mizunguko 300 kwa mwaka, na seti ya risasi inamwishia ndani ya miaka miwili. Kama hana milioni saba mkononi, tatizo lake ni la mkopo na lina dawa inayojulikana. Kampuni za sola za Kenya na Tanzania zimekuwa zikiuza mifumo ya nyumbani kwa malipo madogo madogo ya simu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na Kigali waendesha pikipiki za umeme wanabadilisha betri kituoni bila kuzimiliki, wanalipia umeme uliomo tu. Taasisi za mikopo za Tabora zinazomkopesha kijana pikipiki ya mafuta zinaweza kumkopesha betri, kwa sharti kwamba mkopo uishe mapema kabla ya betri.

Usalama ni hofu nyingine, na video za simu na pikipiki zinazoungua zimeikuza. Hapa neno lithiamu linatupotosha kwa kufunika vitu tofauti. Betri nyingi za simu na kompyuta zina kobalti, na zikipata hitilafu zinashika moto kwa kasi. Aina ya chuma na fosfeti ilitangazwa 1997 na maabara ya John Goodenough huko Texas, mtu ambaye 2019 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Muundo wake unashikilia oksijeni kwa nguvu zaidi na unahitaji joto kubwa zaidi kabla haujavunjika. Inaweza kuungua ikitobolewa au ikichajiwa vibaya, lakini si rahisi kama zile nyingine. Tena tusisahau kwamba betri ya risasi inayochajiwa inatoa haidrojeni, na hewa yenye asilimia nne tu ya gesi hiyo inalipuka kwa cheche. Chumba kidogo kilichofungwa, betri sita za maji kwenye chaji na mtu anayewasha kiberiti ni hatari ambayo tumeizoea tu. Kuizoea hakujaifanya kuwa ndogo.

Kuhama kwenyewe si kuchomoa na kuchomeka, na mafundi wengi wanaharibu betri mpya hapa. Chaja ya zamani imeundwa kwa risasi. Mara kwa mara inapandisha volti kupita 60 ili kusawazisha betri za maji, wakati seli 16 za lithiamu hazitakiwi kuvuka volti 58.4. Bodi ya ulinzi itakata, na ikikata kila siku kwa namna hiyo itakufa. Chaja ibadilishwe. Kidhibiti cha mwendo cha bagi nacho kinaweza kuvuta ampea 300 kwa sekunde chache gari likianza kupanda. Betri yenye bodi ya ampea 100 itazima gari katikati ya mlima, na mwenye nayo atasema lithiamu ni mbovu, kumbe amenunua ndogo. Kisha kuna kipimo cha chaji kwenye dashibodi. Kile cha zamani kinasoma volti, na volti ya risasi inashuka taratibu kadiri inavyotumika. Lithiamu inakaa palepale karibu hadi mwisho, halafu inaporomoka. Dereva anaona mshale uko juu, na dakika kumi baadaye gari limesimama. Inatakiwa mita inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama karani wa ghala anavyohesabu magunia. Hiki ni kifaa kidogo na watu wengi wanakiruka, nami ningekiweka mbele ya taa na mapambo yote.

Mafundi wetu hawajui lithiamu, inasemwa. Sikubaliani. Hakuna soko la Tabora lisilo na kibanda cha fundi simu, na kila simu anayoifungua ina lithiamu ndani. Kinachokosekana ni ukubwa na utaratibu: kupima seli 16 moja moja kwa mita, kujua kwamba seli moja iliyo chini ya wenzake ndiyo inayoangusha seti nzima, kutounganisha kamwe seli mpya na kuukuu. Haya ni mafunzo ya wiki chache, na VETA ipo Tabora. Ugumu wa kweli uko kwenye seli zilizokwisha tumika mahali pengine na kuvishwa ganda jipya, na hapo mita ya fundi ndiyo kinga ya mnunuzi: seti ijazwe, itumike hadi mwisho ikihesabiwa, mbele ya macho yake kabla fedha haijatoka mkononi.

Nimeliweka nyuma jambo linaloniuma zaidi kwa makusudi, kwa kuwa ningeanza nalo hesabu zote zingeonekana ndogo. Kiswahili kina neno moja kwa madini ya risasi na kwa kile kinachotoka mtutuni. Misafara iliyopita Kwihara ilibeba risasi pamoja na baruti, na vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilivyoanza 1871 viliwaonyesha wakazi kazi yake. Risasi ya betri haitoi mlio. Inaingia kwa vumbi na moshi pale betri kuukuu inapopasuliwa, asidi inapomwagwa na sahani zinapoyeyushwa, inakaa kwenye damu na mifupa, na kwa mtoto inapunguza akili. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Na zaidi ya asilimia 80 ya risasi yote inayotumika duniani inaishia kwenye betri.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona. Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato cha chini Mombasa. Kwa miaka kadhaa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi ukutani mwa nyumba zao mpaka kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi kwenye damu. Akaacha kazi, akaanza kupigania mtaa, na 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miaka mingi ya kesi kuhusu sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sababu ya udongo uliochanganyika na mabaki ya betri. Utafiti uliochapishwa 2018 ulipima udongo kuzunguka viwanda vya betri katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwamo, ukakuta risasi nyingi.

Hapa mtetezi wa betri ya risasi ana hoja ambayo wapenzi wa lithiamu hawapendi kuisikia. Anasema betri ya risasi ina soko ikifa. Mnunuzi wa vyuma chakavu anaifuata hadi mlangoni, na karibu yote inayeyushwa na kutumika tena. Lithiamu ikifa hakuna anayeitaka, itatupwa jalalani. Kweli tupu. Lakini angalia kwamba bei hiyohiyo inayoifanya ikusanywe ndiyo inayomfanya kijana aipasue kwa shoka nyuma ya nyumba ili auze risasi peke yake, na asidi imwagike mtaroni. Kurejelezwa kunakosifiwa ni kule kwa kiwanda chenye vichujio, si kule kwa shoka. Na seti moja ya lithiamu inachukua nafasi ya seti tatu hadi tano za risasi kwa maisha yake, yaani kilo 500 na zaidi za betri za sumu ambazo hazitafika kwa mtu yeyote wa shoka. Lithiamu iliyochoka kwa bagi bado ina nguvu ya kuwasha taa za nyumba miaka mingine. Hilo halifuti wajibu wa baadaye. Tanzania ilitunga kanuni za taka hatarishi na za taka za umeme na elektroniki 2021. Anayeingiza betri hizi nchini afungwe kuzipokea zikirudi, na bei yake iwemo kwenye bei ya kuuzia tangu mwanzo.

Machimbo nayo yanatajwa, na watoto wanaochimba madini Kolwezi, Kongo, wanatajwa. Kilio chao ni cha kobalti, na aina ya chuma na fosfeti haina kobalti wala nikeli. Anayejali watoto hao ana sababu ya kuichagua. Lithiamu yenyewe inachimbwa, na kuchimba kunaumiza ardhi na maji. Ila kwa Tabora hadithi hii ina upande wake wa karibu. Manono, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ina akiba ya lithiamu iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani, na mojawapo ya njia za kuifikisha Bahari ya Hindi ni kuvuka ziwa hadi Kigoma na kushika reli inayopita Tabora, reli iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914 ikifuata karibu nyayo zilezile za wapagazi. Grafiti, ambayo karibu kila betri ya lithiamu inaihitaji upande wa pili wa seli, ipo Mahenge na Ruangwa. Mara ya kwanza njia hii ilipopitisha mali ya bara, pembe na watu vilikwenda pwani na vijiji vikabaki vitupu. Kama udongo huu utapita tena Tabora kwenda ng'ambo na kurudi ukiwa betri za bei ambayo mtu wa Kwihara haiwezi, kosa litakuwa limerudiwa, na la kudai ni viwanda vya kuunganisha seti humu ndani, kazi ambayo haihitaji mitambo mikubwa.

Gaston Planté alitengeneza betri yake ya risasi 1859, mwaka ambao Burton na Speke walifika pwani wakitoka Unyamwezi. Imetumika vizuri muda mrefu, na kwa kuwasha injini ya gari bado inafaa. Kwa mtu wa Tabora atakayeamua kubadilisha, mkataba wake uandike aina ya seli na mwaka zilipotengenezwa, ampea za bodi ya ulinzi, chaja mpya, mita ya kuhesabu, na dhamana kwa miaka pamoja na mizunguko. Na uandike mahali betri kuukuu zinapokwenda. Ziondoke zikiwa nzima, vizibo vimefungwa, zimesimama wima kwenye sanduku lenye sakafu ya plastiki, juu ya gari la mwenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi, na karani apime mzigo huo na kuandika kwenye hati: betri sita, kilo 172, asidi ikiwa ndani.